Kamba ya Dhauri

Ng'ombe anauzwa, kamba yake haiuzwi. Ukitaka kumjua Lakhraji anza hapo, maana yeye mwenyewe huanzia hapo hata kama umemuuliza tu bei ya uzi wa kufungia gunia. Kila anayeleta mnyama kwenye gulio letu la Sonepur anaijua sheria hii tangu akinyonya. Unapokea haki yako, unamtoa mnyama, halafu unafungua kamba, unarudi nayo nyumbani na kuitundika kwenye kigingi. Mnunuzi aje na ya kwake. Ukimpa mnyama pamoja na kamba, umempa na baraka ya zizi, na kigingi chako kitabaki kikavu mpaka wajukuu wakifanye cha kuanikia nguo.

Kwa hiyo kila mnyama anayeuzwa hapa anataka kamba mpya, na Lakhraji anauza kamba. Mimi nauza kengele na shanga za kuvisha ng'ombe shingoni, na kibanda changu kimeegemea chake. Mahubiri yake nimeyasikia kila mwezi mpevu wa Kartik, watu wanapokuja kuoga mtoni na kumwona mungu wetu Baba Hariharnath hekaluni, wakitoka na unyevu wao kuja kupapasa ng'ombe. Naweza kuyamalizia yeye akikohoa.

Marehemu mumewe, Bindeshri, alikuwa rafiki yangu aliyenizidi umri, kwa hiyo mkewe ni shemeji yangu, na kwetu shemeji ni mtu wa kutaniwa. Namtania, naye hunijibu kwa chochote kilicho karibu na mkono wake. Alikuja hapa bibi harusi kutoka ng'ambo ya mto Ganga, mwembamba kama utambi, na Bindeshri akamfundisha kusokota katani. Homa ilipomchukua Bindeshri, watu walidhani kibanda kimekufa naye. Msimu uliofuata mjane akakifungua, na wanaume wakaja kumcheka. Kamba iliyosokotwa na mwanamke, walisema, dume likiivuta mara moja imekwisha.

Lakhraji hakubishana nao. Alimwita yule mwenye mdomo mrefu kuliko wote, akamfunga kamba kiunoni kama anayempima nguo, ncha ya pili akaifunga kwa dume la nyati wa kulimia, akalichapa nyati kofi la matako. Mwenye mdomo alisimamishwa na meza ya muuza vitamutamu vya jalebi, tena baada ya kuipindua. Kamba ilikuwa nzima. Siku hiyo aliuza kila alichokuwa nacho, na mimi niliuza kengele kwa watu waliokuja kutazama tu.

Hizo zilikuwa enzi zake. Sasa trekta zimekuja, madume ya kulimia yamepungua, na kamba za nailoni za buluu zinauzwa hadi dukani kwa muuza sabuni. Gulio lenyewe limejaa vipaza sauti na mabanda ya ngoma, mtu hasikii ng'ombe wake akilia. Mimi hayo yananiudhi na sioni haya kusema. Lakhraji hayamuudhi. Lililomkaa rohoni lilikuwa jambo moja tu, mwanawe.

Dinanath ndiye mtoto wake pekee. Yuko mji wa mbali wa Surat, kwenye kiwanda cha kufuma nguo, ana mke na watoto wawili. Mwaka huu hakuja hata Chhath, sikukuu ambayo hata mwizi hurudi kwao. Badala yake alipiga simu, na simu ya Lakhraji ni simu yangu, kwa hiyo nilisikia. "Mama, unakaa na nani huko? Ukianguka kisimani nani atajua? Muuze ng'ombe hapo gulioni, funga nyumba, nikukatie tiketi uje." Lakhraji akamwambia sawa. Mwanamke aliyemburuza mtu kwa nyati akamwambia mwanawe sawa, kwa sauti ndogo, akanirudishia simu.

Nilikasirika mimi. "Shemeji, unakwenda kweli? Chumba kile ulikiona ulipokwenda harusini kwake. Ukinyoosha miguu unagusa jiko."

"Sasa nimwambie nini? Kwamba sitaki kukaa na mwanangu? Mama gani husema hivyo?"

"Mwambie ng'ombe hajapata mnunuzi."

"Nidanganye mwezi mtakatifu wa Kartik? Baba ananiona kutoka hapo." Akaonyesha hekalu kwa kidevu. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti. "Sikiliza, Sohrai. Ameniambia niuze ng'ombe, nitauza. Kamba nitarudi nayo, niitundike. Kigingi chenye kamba kinangoja ng'ombe, na nyumba inayongoja ng'ombe haifungwi. Dinanath kazaliwa pale, analijua hilo. Siyo mimi nitakayekataa. Kigingi ndicho kitakachokataa."

"Na ukirudi bila kamba?"

"Nitarudije bila kamba, mimi?" Akacheka, na mimi nikacheka.

Dhauri alikuwa ng'ombe mweupe, mpole, mwenye mimba changa na tabia ya kulamba chumvi ya jasho kwenye migongo ya watu. Asubuhi ya kuoga Lakhraji alimleta amemkogesha na kumpaka manjano usoni. Kamba ya shingoni alikuwa ameisokota mwenyewe Dhauri alipokuwa ndama, ya nyuzi tatu, imelainika kwa miaka. Wateja walikuja wakampapasa kiwele na kumfunua midomo, wakaenda. Kisha akaja mwanamke mzee mnene, sari bado imelowa maji ya mto, na nyuma yake mkwewe, binti aliyejifunika uso, kikapu kichwani. Mzee huyu hakumfunua ng'ombe mdomo. Alimwekea kiganja kwenye paji la uso akasimama hivyo kitambo, Dhauri akaanza kumlamba mkono, na bei wakapatana bila kelele. Lakhraji akayafunga malipo kwenye ncha ya sari yake. Kilichobaki kilikuwa kufungua kamba.

Hapo ndipo ulipotokea mkosi, mita chache kutoka kwetu. Kijana mmoja wa miwani ya jua, aliyeuza ndama dume, alimrushia mnunuzi wake kamba na mnyama kwa pamoja, kama anayetupa ganda la ndizi.

"We kijana," Lakhraji akaanza.

"Mimi?"

"Wewe mwenye macho meusi. Kwenu hakuna bibi? Hakuna shangazi? Umelelewa na redio?"

"Kwani nimefanya nini, mama?"

"Unauza ndama na kutupia baraka ya zizi la baba yako juu yake kama nyongeza. Chukua kamba yako. Na wewe uliyenunua usijifanye hujui, ndevu zote hizo, unapokea kamba ya watu kama unapokea chai. Rudisha."

Watu wakakusanyika. Mimi macho yangu yote yalikuwa kwa kijana, na nilikuwa nacheka mpaka shanga zikanimwagika. Mengine niliyajua baadaye: Lakhraji alikuwa anahubiri kwa mkono wa kushoto, kidole juu. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika kamba ya Dhauri, na mbele ya mkono huo yule mzee alikuwa amekinga viganja vyake viwili, akingoja ng'ombe wake. Mkono wa muuzaji ukafanya kile ambacho mikono ya wauzaji hufanya: ukakabidhi. Mzee akaigusisha kamba kwenye paji la uso, akaondoka na mkwewe na ng'ombe.

Kijana akavua miwani, akaomba radhi, akarudishiwa kamba yake. Watu wakasema mama huyu kasema kweli. Lakhraji akageuka na uso wa ushindi, akainua mkono atundike kamba kwenye mti wa kibanda. Mkono ulikuwa mtupu.

Nilimwona akiutazama. Akautazama na ule mwingine. Akatazama chini, chini ya mkeka, nyuma ya mafungu ya kamba, kisha akanitazama mimi, na sikuwa na hamu tena ya kucheka.

"Sohrai, wanatoka kijiji gani?"

"Sijui. Si wewe uliyeongea nao?"

"Sikuuliza. Nilikuwa..." Akanyoosha kidole kule alikokuwa kijana.

Nilimwachia muuza vitana vya farasi vibanda vyote viwili, tukaondoka. Mimi ni mrefu, ndiyo faida yangu moja, na niliangalia juu ya vichwa. Siku ya kuoga gulio la Sonepur halina njia, lina watu tu. Tukapita kwenye farasi, tukapita kwenye mbuzi, nikakanyaga miguu ya watakatifu waliolala kwenye majivu yao wakanilaani vizuri. Ng'ombe weupe walikuwa tele. Lakhraji alikuwa nyuma yangu ameshika mkia wa shati langu, na maneno yake yalikuwa yale yale: wasivuke daraja. Kamba ikishavuka mto imekuwa ya ng'ambo, hata ukiifuata haikujui tena.

Tuliwakuta ukingoni mwa mto Gandak, chini ya daraja. Walikuwa wanamkogesha Dhauri upya kwa maji ya siku takatifu kabla ya kuvuka. Mkwe alikuwa anampaka unga mwekundu pembeni. Kamba nayo ilikuwa imeshapakwa, nyekundu na manjano, kama bibi harusi.

Lakhraji aliinama akamgusa mzee miguu.

"Ubarikiwe, mwanangu," mzee akasema. "Umekuja kumuaga?"

"Nimekuja kuchukua kamba, mama."

"Kamba gani?"

"Hiyo."

"Hii si umenipa?"

"Sikukupa. Mkono ndio uliokupa."

"Mkono wa nani, wa jirani?"

Mkwe akacheka ndani ya shela. Mzee hakucheka. Akaikunja kamba mara mbili kwenye kiganja chake, taratibu.

"Nisikilize na mimi," akasema. "Kamba yangu ninayo kikapuni, nimetoka nayo nyumbani. Sikukuomba yako. Ng'ombe wawili wamenifia kwenye zizi moja, huyu mkwe wangu ni shahidi. Kijijini wananiita mama wa kigingi kikavu, wanadhani sisikii. Leo nimetoka mtoni hata nywele hazijakauka, mtu ananipa ng'ombe na kamba yake juu, hata hanitazami, kana kwamba ni kitu kidogo. Nikasema, huyu katumwa na Baba. Nimelia njia nzima, muulize. Sasa unataka nifungue bahati yangu shingoni nikukabidhi wewe, niende nyumbani kumsubiri wa tatu afe?"

Yote aliyoambiwa Lakhraji yalikuwa mahubiri yake mwenyewe, na hakuna mtu Sonepur nzima aliyeweza kuyapinga, sembuse yeye. Nikaona nisaidie.

"Mama, nitakupa kengele. Kubwa, ya shaba."

"Na wewe nani?"

"Shemeji yake."

"Basi shemeji, nyamaza, watu wazima wanaongea."

Nikajisogeza upande wa Dhauri.

Lakhraji akakaa kwenye matope, na sari yake ya sikukuu. "Mama, una mwana?"

"Ninaye. Yuko Delhi, anaendesha gari la watu."

"Wangu yuko Surat. Anataka nifunge nyumba nimfuate. Hana ubaya, ana huruma, na mwana mwenye huruma humuwezi. Mwenye ubaya ungemjibu. Mimi jibu langu lilikuwa hiyo kamba. Ikiwa kwenye kigingi, naweza kukaa. Nikirudi mikono mitupu sina la kusema, nitapanda treni. Nimezikwa nusu pale nyumbani, mama. Mume wangu tulimchomea kwenye ukingo huu huu, unaona pale penye mashua iliyopinduliwa. Surat nitakwenda kutazama ukuta."

Dhauri alikuwa analamba mgongo wangu na sikuthubutu kusogea.

"Sasa tufanyeje?" mzee akasema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imepoa. "Mimi kuitoa siwezi. Wewe kuondoka huondoki. Na kuikata usiniambie, kamba ya ng'ombe hai haipitiwi na kisu."

"Nani kataja kisu?" Lakhraji akainua kichwa. Nilimwona uso unabadilika, ule uso wa siku ya nyati. Akaingiza mkono kiunoni akatoa fungu la katani, maana mwanamke huyu hata hekaluni huenda na katani kiunoni. "Sikati. Nafumua, nasokota upya. Nipe. Kamba yako itaondoka nawe, naapa mbele ya Baba, na haitapungua hata shibiri."

Mzee akatazamana na mkwewe. Mkwe akaitikia kwa kichwa. Nikapewa kazi ya kumshika Dhauri kwa pembe, kazi ambayo sikuiomba.

Lakhraji aliizungusha kamba kinyume na msokoto wake mpaka ikalegea na kufunguka, nyuzi tatu za zamani zikalala gotini mwake. Akazisokota nyuzi mpya upesi juu ya paja, za kujazia zile za zamani zitoke kamba mbili. Lakini kamba haikazwi na mtu mmoja. Mmoja hushika ncha na kuizungusha, mwingine hurudi kinyumenyume akilisha nyuzi. Kwa hiyo ikabidi mzee mwenyewe ashike ncha.

"Zungusha kulia, mama. Kulia. Huko ni kushoto."

"Nimeshika mwiko miaka yote hii, unanifundisha kulia?"

"Basi zungusha kama unavyokoroga uji. Hivyo. Usisimame."

Waliokuwa wanaoga wakaacha kuoga wakatutazama. Kamba ya kwanza ikatoka, Lakhraji akaivuta kwa goti, ikalia vizuri, akamfunga Dhauri shingoni. Kisha wakasokota ya pili. Mzee sasa alikuwa amejua mkono, anazungusha kwa kasi mpaka Lakhraji akamwambia apunguze. Zilipokwisha akazilinganisha zote mbili, akakunja uso.

"Hebu subiri. Yangu nyuzi nyekundu za zamani ziko mbili. Yako moja tu."

"Ndiyo."

"Kwa nini usigawe sawa? Unadhani mimi mlafi?"

"Wewe una ng'ombe wa kufunga, mama. Mimi nina kigingi tu."

Mzee alimtazama, kisha akajifuta uso kwa sari iliyolowa, jambo lisilosaidia kitu. "Ukivuka daraja uliza kwangu, kwa Sampatiya wa kisima cha matofali," akasema. "Akizaa, uje unywe maziwa ya kwanza."

"Na ndama akiwa jike?"

"Usinipande kichwani. Njoo kwanza unywe, tutaongea."

Lakhraji akamwinamia Dhauri sikioni akamwambia maneno ambayo hakutaka niyasikie, nami nikatazama pembeni. Wakapanda darajani, mzee mbele, mkwe nyuma na kikapu chake. Dhauri hakugeuka hata mara moja. Alikuwa ameona majani ng'ambo. Lakhraji alisema afadhali hivyo, lakini alisema kwa mdomo tu.

Dinanath alipiga simu alasiri, tukiwa tumeshakaa kibandani, kamba mpya imetundikwa kwenye mti. Kelele za mitambo ya kufumia zilikuwa nyuma yake.

"Mama, umeuza?"

"Nimeuza, mwanangu. Kwa mtu mzuri."

"Basi nikate tiketi ya wiki ijayo?"

Lakhraji akavuta pumzi. Akaishika simu kwa mikono miwili. "Kamba ninayo," akasema. "Narudi nayo nyumbani."

Upande wa pili mitambo ikaendelea kupiga. Nilikuwa nimeshaandaa matusi yangu, kama angesema hizo ni imani za vikongwe, nilikuwa na matusi ya kumtosha yeye na mwenye kiwanda.

"Ulipanga, mama," akasema.

"Nilipanga."

"Kile kigingi kimeliwa na mchwa. Nilikiacha hivyo nilipoondoka. Hata mbuzi ukimfunga anakwenda nacho, Dhauri alikaa kwa upole wake tu."

"Najua. Nitamwomba mtu..."

"Usimwombe mtu. Asikiguse mtu. Nakuja sikukuu ya Holi, nachonga kingine mwenyewe. Watoto nao waje waone."

Tangu aende Surat hakuwahi kutaja siku ya kurudi. Alikuwa akisema tutaona, alikuwa akisema mambo yakikaa sawa. Lakhraji alinisukumia simu bila kumuaga mwanawe, akajifunika uso kwa sari.

"Anakuja," akaniambia kutoka ndani ya sari.

"Nimesikia, shemeji. Simu yangu ina sauti."

"Atachonga kwa mti wa mwembe, namjua, na mwembe unaoza. Nani atamwambia?"

"Utamwambia wewe. Utakuwepo."

Basi akalia, waziwazi, mbele ya wateja, mabega yakimtikisika, na mimi nikamwacha alie. Akaja mtu na nyati aliyemnunua akiuliza kamba. Nilimuuzia mimi, kwa hasara.